Samaki Bado Mbichi

Mwombe mtu wa miaka 30 ainame aguse vidole vya miguu bila kukunja magoti. Kabla hajainama atakuwa amekwisha kukupa sababu: miguu yangu migumu tangu utotoni, kwetu wote tuko hivi, haya mambo ni ya watoto. Mwombe apige msamba, atacheka mpaka ashike mbavu. Na akiwepo mzee jirani, naye atapigilia msumari: samaki mkunje angali mbichi.

Methali hiyo ina kazi yake nzuri kwenye malezi. Kwenye miguu imewafungia watu mlango ulio wazi. Samaki aliyekauka hakunjiki kwa sababu amekufa. Paja lako li hai. Lina damu, lina neva, linajijenga usiku na mchana, na litaendelea kuzoea kile unacholizoesha hadi mwisho wa uhai wako. Ukilizoesha kiti cha ofisi na kiti cha daladala, litazoea kukaa. Ukilizoesha msamba, litausogelea msamba.

Nasema na wewe mcheza shoo unayejibanza safu ya nyuma kila ukijua sehemu ya msamba inakaribia. Nasema na wewe kipa wa timu ya mtaa ambaye mpira ulipita mbele ya kiatu chako, na ungeufikia kama mguu ungekubali kwenda. Na wewe mama wa miaka 45, uliyeanza mazoezi baada ya daktari kukuonya kuhusu presha, ukajiambia kwamba viungo vyako vimeshafunga hesabu. Hesabu haijafungwa. Teremka sakafuni tuongee.

Kwanza ujue kinachokuzuia, maana wengi wanapigana na adui asiyekuwepo. Tunadhani misuli yetu ni mifupi. Lakini ndani ya kila msuli mna vihisio vidogo vinavyopima unavutwa kiasi gani na kwa kasi gani. Ukiuvuta ghafla, habari inakimbia hadi kwenye uti wa mgongo na amri inarudi papo hapo: kaza. Msuli unajikaza usichanike. Kwa hiyo pale unapokwama, iwe ni shubiri moja kutoka chini au nne, mara nyingi msuli wenyewe bado una nafasi. Mfumo wa neva ndio uliosema basi, kwa kuwa haujawahi kufika hapo na hauamini kwamba utarudi salama. Watafiti waliowapima watu waliojinyoosha kwa wiki kadhaa walikuta kwamba sehemu kubwa ya maendeleo ya mwanzo ilitokana na mwili kuuvumilia mvuto mkubwa zaidi, kuliko msuli kurefuka. Msuli wenyewe hubadilika baadaye, kwa miezi ya kazi.

Soma tena sentensi hizo mbili za mwisho, kwa sababu zinabadilisha kila kitu. Hukuzaliwa na misuli mifupi. Una mwili mwangalifu ambao haujapewa sababu ya kukuamini. Imani hiyo inajengeka, na inajengeka kwa mtu yeyote anayerudi sakafuni kila siku bila papara.

Jaribu hili nyumbani. Pasha mwili joto kwanza, kisha simama ubavuni mwa meza inayokufikia usawa wa nyonga. Inua mguu wa kulia pembeni, uweke kisigino juu ya meza, goti limenyooka, na goti hilo ligeuze litazame juu. Mguu wa kushoto ubaki umesimama wima. Watu wengi ambao hawajawahi hata kuota msamba wanafika hapo, au karibu na hapo. Geuka ufanye upande wa pili. Sasa jiulize: kila mguu peke yake umekubali kufungua nyuzi 90 au pungufu kidogo, na hakuna msuli hata mmoja unaotoka paja moja kwenda jingine. Kwa nini basi miguu yote miwili ikitoka pamoja unakwama mapema? Sitakudanganya kwamba kipimo hiki kinakuhakikishia msamba kamili, kwani kiuno hujiegemeza kidogo kusaidia. Lakini kinakuonyesha kwa macho yako kwamba sehemu kubwa ya ukuta uliokuwa mbele yako ni tahadhari, na tahadhari hutulizwa.

Waliochelewa kuanza wapo, na walifika mbali. Katika baleti watoto wengi huingia darasani wakiwa na miaka mitano au saba. Misty Copeland wa Marekani aligusa baleti akiwa na miaka 13, katika klabu ya vijana huko San Pedro, California, wakati familia yao ikihangaika hadi kuishi motelini. Juni 2015 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika Mmarekani kupandishwa kuwa mcheza densi mkuu wa American Ballet Theatre. Hapa kwetu, Joel Kioko alikulia Kuwinda, mtaa wa mabanda Nairobi, akajifunza baleti katika jiji ambalo wengi waliona densi hiyo ni ya watu wengine kabisa, akafika English National Ballet School, London.

Na sanaa hii ya miguu si ya kuazima kwa wageni. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho leo tunakiita TaSUBa, kimefundisha sarakasi bega kwa bega na ngoma na maigizo. Nenda fukwe za Zanzibar jioni, jua likishalegea. Vijana wamezika tairi nusu mchangani, wanakuja mbio, wanalikanyaga, wanapinduka hewani. Sisi watazamaji macho yote yako hewani. Mimi nakuomba siku ukienda uangalie wale walioketi pembeni wakisubiri zamu. Yule amekaa miguu imetanuka, kifua kakilaza mbele, anaongea na mwenzake habari za mechi. Yule mwingine ameshuka msamba nusu, viganja mchangani, anapumua, anapanda, anashuka tena. Hakuna anayewapigia makofi. Robo saa ile isiyo na makofi ndiyo inayozaa kile tunachokipigia makofi baadaye.

Iko filamu ya Marekani ya mwaka 1943, Stormy Weather. Itafute. Karibu na mwisho, okestra ya Cab Calloway inapiga, na ndugu wawili, Fayard na Harold Nicholas, wanaingia na suti zao za heshima. Wanacheza, wanaruka, wanapita katikati ya wanamuziki, kisha wanafika juu ya ngazi pana zenye vidato virefu. Mmoja anatua msamba kwenye kidato. Mwenzake anamruka juu ya kichwa, naye anatua msamba kidato cha chini yake. Aliye nyuma anainuka, anaruka, anatua tena mbele, na hivyo hivyo, kidato kwa kidato, hadi chini. Hao ndugu hawakusomea densi shuleni. Wazazi wao walikuwa wanamuziki wa ukumbini huko Philadelphia, na Fayard akiwa mtoto alikaa kwenye viti akiwatazama wacheza densi, akirudi nyumbani anaiga, kisha akamfundisha mdogo wake.

Ukiitazama, acha kutazama wanavyoshuka. Tazama wanavyosimama. Mikono haigusi chini. Miguu iliyotanuka inajivuta yenyewe kuelekea katikati, mapaja yanafanya kazi yote, na mtu anapanda wima kwa mdundo wa muziki. Hapo ndipo penye funzo ambalo wengi wanaohangaika na msamba hawajaambiwa: mguu unaopaswa kufika mbali ni lazima uwe na nguvu huko mbali. Anayejivuta tu bila kujenga nguvu anatafuta urefu ambao mwili hauwezi kuulinda, na mwili kwa busara yake utamnyima. Anayejenga nguvu pale mwisho wa uwezo wake, kila wiki mwisho huo unasogea. Tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba kunyanyua uzito kwa mwendo kamili, unaoufikisha msuli kwenye urefu wake wote, huongeza wepesi wa viungo kwa kiasi kinachokaribiana na kujinyoosha kwenyewe. Kwa hiyo wewe unayechuchumaa na ndoo ya mchanga au chuma cha kujitengenezea, chuchumaa hadi chini kabisa. Unafanya kazi mbili kwa jasho moja.

Uwanjani mambo ni hayo hayo, ila huko malipo yanahesabika kwa pointi na medali. Agosti 2016, Rio, fainali ya taekwondo ya wanaume wa kilo 80. Cheick Sallah Cissé wa Côte d'Ivoire yuko nyuma 6 kwa 4 dhidi ya Lutalo Muhammad wa Uingereza, na saa iko kwenye sekunde ya mwisho. Sekunde moja tu. Cissé anazunguka, mguu unapanda hadi kichwani mwa mpinzani, pointi nne, 8 kwa 6, medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki katika historia ya nchi yake. Teke la namna ile halitengenezwi katika sekunde ile. Nyonga iliyofunguka na paja lililokubali kupanda juu ya bega la mtu mrefu viliandaliwa siku nyingi ambazo hakuna kamera iliyokuwepo.

Mbio nazo. Anayekimbia mita 110 za viunzi kwa wanaume anavuka sentimita 106.7 kutoka ardhini, na sehemu ngumu huwa ni mguu wa nyuma, ule unaokunjwa na kupitishwa pembeni, goti likija karibu na kwapa. Nyonga nzito inamlazimisha mtu aruke juu mno, na kila sentimita ya ziada hewani ni muda uliopotea. Sisi Afrika Mashariki tunaijua vizuri mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Amos Biwott wa Kenya alishinda dhahabu Mexico City mwaka 1968 akiwashangaza watu kwa kuvuka dimbwi bila kulowa, na Peruth Chemutai wa Uganda akaipata dhahabu ya mbio hizo kwenye michezo ya Tokyo. Hakuna kati yao aliyehitaji kupiga msamba jukwaani. Walihitaji nyonga inayofunguka na kufunga bila kuomba ruhusa, na mazoezi yanayoleta hiyo ni ndugu wa mazoezi haya ninayokuhimiza uyaanze.

Na kuhusu umri: Kinshasa, Septemba 1974, wiki chache kabla ya pambano la ngumi la Ali na Foreman, alipanda jukwaani mwanamuziki James Brown, mtu aliyezoea kushuka msamba katikati ya wimbo na kuinuka bila kuikosa noti. Alikuwa na miaka 41. Wale tuliokulia kwenye vibanda umiza tunamkumbuka pia mwigizaji Jean-Claude Van Damme, Mbelgiji aliyechanganya karate na baleti ujanani. Tangazo lake la msamba kati ya malori mawili yanayorudi nyuma lilitoka mwaka 2013, akiwa amefikisha miaka 53. Mtu wa miaka 53, mguu huu kwenye lori hili, mguu ule kwenye lori lile. Nani kakwambia wewe wa miaka 28 umechelewa?

Sasa kazi.

Usiguse msamba mwili ukiwa baridi. Ruka kamba, kimbia papo hapo, cheza nyimbo mbili za singeli chumbani, chochote kitakachokutoa jasho jembamba mgongoni. Halafu punga miguu: mbele na nyuma, kisha pembeni, umeshika ukuta, ukianza chini na kupandisha polepole. Mazoezi haya ya mwendo ndiyo yanayofaa kabla ya mechi au shoo. Kule kukaa katika mkao mmoja ukivuta msuli uleule kwa zaidi ya dakika nzima, kuache hadi baada ya mechi, kwa sababu kabla ya mchezo kunapunguza kidogo nguvu ya kuruka na kukimbia. Nashangaa ni timu ngapi bado zinaanza kwa kuketi nyasini, wachezaji wakivutana miguu, kisha zinaingia uwanjani zimepoa.

Msamba wa mbele na nyuma ndio uanze nao. Tandika mkeka. Weka mguu mmoja mbele, goti la nyuma chini juu ya mto, na matofali mawili au marundo mawili ya vitabu pande zote mbili za nyonga yako. Egemeza viganja hapo. Sasa telezesha kisigino cha mbele polepole. Soksi kwenye sakafu ya saruji inateleza vizuri. Simama pale mvuto unapokuwa mkali lakini bado unaweza kupumua kwa pua. Kisha angalia nyonga zako. Karibu kila anayeanza huiachia nyonga ya mguu wa nyuma ifunguke pembeni, akashuka chini haraka, akafurahi. Huo msamba ni wa kujidanganya. Geuza nyonga zote mbili zitazame mbele, goti la nyuma litazame sakafu. Utapanda juu ghafla labda shubiri nzima, na moyo utakuuma. Usivunjike. Hapo ulipopanda ndipo penye kazi ya kweli, maana sasa unavuta misuli ya mbele ya nyonga ya mguu wa nyuma, ambayo viti vya maisha yetu vimeizoesha kujikunja kwa miaka.

Ukiwa hapo, fanya hivi. Bonyeza kisigino cha mbele chini, na goti la nyuma chini, uvute kimoja kuelekea kingine, mithili ya mtu anayetaka kuukunja mkeka ulioko kati ya viwili hivyo, ingawa hakuna kinachosogea. Hesabu hadi nane. Legeza, toa pumzi ndefu, shuka kidogo. Rudia mara tatu au nne. Utaona kwa macho kwamba baada ya kila kukaza mwili unakuachia nafasi ambayo dakika moja iliyopita ulikunyima. Mbinu hii ilitoka kwenye tiba: miaka ya 1940 daktari Herman Kabat wa Marekani alianza kuijenga kwa ajili ya wagonjwa waliopooza, na wanamichezo wakaichukua baadaye. Watu waliokuwa wakipigania kuinua mkono au mguu ndio waliotuachia urithi huu. Utumie kwa heshima.

Kwa msamba wa pembeni kuna siri moja ya umbo. Ukitanua miguu huku kiuno kimesimama wima na vidole vya miguu vikitazama mbele, utafika mahali mfupa wa paja unagota kwenye mfupa wa nyonga, na hapo hata ukilia hutasogea. Inamisha kiuno mbele, makalio yaende nyuma, au geuza magoti na vidole vitazame juu. Mfupa unapishana, njia inafunguka. Wangapi wamekata tamaa kwa miaka wakidhani ni ugumu wa misuli, kumbe ni mkao?

Halafu nguvu. Zoezi moja nataka ulichukue hata kama mengine utayasahau. Piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu kwa nguvu. Mwili umenyooka kutoka magotini hadi kichwani, jiangushe mbele polepole kadiri uwezavyo, mapaja ya nyuma yakikuzuia, hadi usipoweza tena, kisha jidake kwa viganja. Wachezaji wa mpira wanalijua kwa jina la Nordic. Timu zilizolifanya kwa uaminifu zimepunguza majeraha ya nyama za nyuma ya paja kwa takribani nusu, na hayo ndiyo majeraha yanayowaweka wachezaji wengi benchi kuliko mengine. Mara nne tano zinatosha mwanzoni. Siku ya pili utatembea kwa tabu, na ni kawaida.

Kuhusu maumivu, nisikilize vizuri. Mvuto unaosambaa katikati ya msuli, unaopungua ukipumua, huo ni wa kazi. Maumivu makali ya kuchoma pale chini ya kalio, mahali paja linaposhikana na mfupa unaoukalia, au ganzi inayoshuka mguuni, au kubanwa kwa ndani mbele ya nyonga: toka. Hapo hakuna ushujaa. Kano ikichanika pale chini ya kalio itakula miezi yako, na kwa vijana wanaokua inaweza kung'oka na kipande cha mfupa.

Ndiyo maana damu inanichemka ninapoona watoto wakilazimishwa. Katika ukumbi mmoja nilimwona binti mdogo, kama miaka tisa, amelazwa msambani, mtu mzima amemkalia mgongoni, mtoto analia na wenzake wanahesabu kwa sauti. Wakaiita nidhamu. Mwili unaolia unakaza. Unajifunza kwamba sakafu ni mahali pa hatari. Mwalimu, ondoa uzito wako juu ya mtoto. Mfundishe kukaza na kulegeza, mfundishe kusema basi, naye atashuka mwenyewe na atabaki na miguu yake hadi uzeeni. Mzazi, mtoto akikuambia mwalimu ananikandamiza, mwamini.

Na wasichana wetu wana mzigo mwingine juu ya huo. Wanaambiwa msamba unaharibu kizazi, unatoa bikira, binti mwenye adabu hatanui miguu. Msamba haugusi kizazi. Mji wa mimba umekaa ndani ya fupanyonga na misuli ya paja iko nje yake. Na habari ya kupima bikira kwa kumchungulia msichana, mwezi Oktoba 2018 mashirika ya Umoja wa Mataifa, Shirika la Afya Duniani likiwemo, yalitamka wazi kwamba vipimo hivyo havina msingi wa kisayansi na vikomeshwe. Dada, kama unaona haya uwanjani, funga mlango wa chumba, vaa suruali pana, alika shoga yako mmoja mnayeaminiana. Adabu yako haipungui kwa kuwa na mapaja yenye afya.

Sasa neno la haki kuhusu mifupa, kwa sababu hamasa isiyo na ukweli huumiza watu. Tundu la nyonga halifanani kwa kila mtu. Wengine ni la kina kirefu, wengine limetazama mbele zaidi, na shingo ya mfupa wa paja nayo ina pembe yake. Wapo watu ambao msamba wa pembeni ulio bapa kabisa hautawafika hata wakifanya kila kitu sawasawa. Lakini hakuna anayejua kwamba ni miongoni mwao kwa kukaa kwenye kochi. Utajua baada ya mwaka wa kazi, na mwaka huo utakuwa umekupa nyonga nyepesi, teke la juu, hatua ndefu na uhakika wa mwili ambao hukuwa nao. Wengi wanaodhani mifupa imewazuia hawajawahi kufika kwenye mfupa hata siku moja.

Usinunue ahadi ya msamba kwa siku 30. Wapo wanaofika kwa miezi michache, wapo wa mwaka na zaidi. Hesabu unayohitaji ni ya wiki: siku tano, kila msuli sekunde 30 hadi 60, mara mbili au tatu, na siku mbili kati ya hizo uongeze nguvu. Panga vitabu chini ya nyonga yako, vile vinavyokufikia leo bila kuteseka, ujue ni vingapi. Vikiwa tisa ni tisa. Kaa juu yake. Wiki ambayo cha juu kitakuwa kinakubana badala ya kukubeba, kiondoe.

Kuna siku utarudi nyuma. Umesafiri, umelala vibaya, umefanya kazi ya kubeba mizigo, na vitabu vilivyokuwa vinne vimerudi sita. Usilipize kisasi kwa kujivuta kwa hasira. Weka sita, pumua, fanya kazi ya siku hiyo. Mwili unapanda na kushuka. Anayeshinda ni yule anayeonekana sakafuni Jumatano ya kuchosha sawa na Jumamosi ya furaha.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na leo usiku una mahali pa kuinamia. Sogeza meza ya sebuleni. Waambie watoto waje, kama wapo. Wao watashuka haraka kuliko wewe na watakucheka, waache wacheke, mfanye pamoja. Pasha mwili hadi upate jasho. Tandika mkeka, panga vitabu, vaa soksi. Una mguu mmoja mwepesi kidogo na mmoja mgumu, kila mtu anao. Anza na ule mgumu.